Kufunga chaji kwenye baiskeli ya injini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu akishafunga injini kwenye baiskeli yake na kupanda nayo kutoka Mbalizi hadi Mwanjelwa bila kukanyaga pedeli, haja inayofuata ni umeme. Anataka taa ya mbele inayoangaza kweli, honi itakayosikiwa na malori ya Tunduma, na mahali pa kuchomeka simu. Maswali yaliyo hapa huulizwa na mafundi chipukizi, vijana wa vyuo vya ufundi na wakulima wanaotoka shambani giza limeshaingia. Majibu yamelenga baiskeli za huku kwetu milimani, kuanzia Iringa hadi Rungwe. Huku miteremko ni mirefu, mvua ni nyingi na hewa ni nyepesi, na kila kimoja kinaingia kwenye hesabu.

Injini yangu ina magneti. Mbona haichaji betri?

Magneti, yaani kizalishaji kidogo cha umeme kilicho ndani ya zile injini ndogo za Kichina zinazouzwa kama cc 80, imetengenezwa kwa kazi moja, kutoa cheche. Nyaya mbili, kwa kawaida wa bluu na mweusi, zinakwenda kwenye CDI, kile kisanduku kinachorusha cheche. Waya wa tatu, mara nyingi mweupe, unatoa umeme kidogo sana, kama volti 6 na nusu ampea, yaani wati 3 hivi. Waya huo unatoka kwenye koili ileile ya cheche. Ukiupa mzigo mkubwa, cheche inadhoofika na injini inakosa nguvu. Ukigusa bodi, yaani chuma cha injini au fremu, injini inazimika.

Ushauri wangu ni kuuacha. Ukate vizuri, ufunge kwa tepu ya umeme, uubane mbali na chuma. Watu wengi wamefungua kabureta na kubadilisha plagi bure, kumbe waya mweupe ulikuwa umechubuka unagusa fremu.

Kama injini yako ilitoka kwenye pikipiki, hadithi ni nyingine. Ruka hadi swali linalohusu stata, yaani koili za kuzalisha umeme zilizo ndani ya injini hiyo.

Nahitaji umeme kiasi gani?

Hili ndilo swali ambalo natamani kila mtu aanze nalo, maana likijibiwa vizuri nusu ya kazi imekwisha. Chukua karatasi, andika kila kitu utakachowasha na wati zake. Taa ya mbele ya LED inayofaa kwa mwendo wa baiskeli, wati 10. Taa ya nyuma, wati 2. Simu ikiwa kwenye chaji, wati 5 hadi 10. Honi, taa ya breki na indiketa hutumia umeme kwa sekunde chache tu, hivyo usizihesabu kama mzigo wa kudumu. Jumla yako ni wati 20 hivi.

Sasa weka globu ya kawaida ya pikipiki mahali pa LED. Peke yake inakula wati 35. Ndiyo maana nasema kabla hujatafuta chanzo kikubwa cha umeme, badilisha taa. Ni hatua ya bei ndogo kuliko zote na inapunguza kila kitu kinachofuata: unene wa nyaya, ukubwa wa betri, nguvu ya kuzalisha.

Halafu hesabu betri. Ile ndogo iliyofungwa, ya volti 12 na ampea-saa 7, inabeba wati-saa 84. Betri za asidi hazipendi kumalizwa, kwa hiyo tumia nusu, wati-saa 42. Kwa mzigo wa wati 20 hiyo ni safari ya saa mbili usiku.

Ukikuta taa zinafifia, usikimbilie kununua betri kubwa zaidi. Betri ni ghala, si shamba. Kama hakuna kinachovunwa, ghala kubwa litachelewa kidogo tu kuwa tupu.

Kumbe saa mbili zinanitosha. Lazima nifunge mfumo wa chaji?

Hapana. Kama unatoka Uyole kwenda mjini na kurudi, na giza linakukuta nusu saa tu, chaji betri nyumbani kwa chaja ya kawaida au paneli ya sola, kisha uitumie kwenye baiskeli. Hakuna mkanda, hakuna rola, hakuna cha kuharibika njiani. Ni mfumo wa heshima kabisa na ningependa watu wengi zaidi wauchague.

Mfumo wa chaji una maana kwa anayetembea usiku mara nyingi, anayekwenda mbali, au anayeishi mahali umeme haujafika.

Dainamo ya baiskeli ya kubana kwenye tairi inatosha?

Kwa taa ndogo na simu, ndiyo. Kwa wati 20, hapana. Dainamo hizo zimetengenezwa kwa volti 6 na wati 3, na hata ukizizungusha kwa kasi ampea haziongezeki sana. Zinasimama karibu na nusu ampea.

Umeme wake unabadilika mwelekeo, kwa hiyo simu haiwezi kuutumia moja kwa moja. Unahitaji diodi nne (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) za kuunyoosha, kapasita ya kuutuliza, kisha kifaa cha kuushusha hadi volti 5. Tumia diodi za aina ya Schottky, kwa mfano 1N5819. Diodi za kawaida kama 1N4007 zinakula volti 0.7 kila moja, na umeme unapita kwenye mbili kwa wakati mmoja, hivyo unapoteza volti 1.4 kati ya 6 ulizonazo. Ni hasara kubwa mno kwa chanzo kidogo namna hii.

Usitegemee maajabu. Simu yenye betri ya wati-saa 15 itahitaji saa sita au zaidi za mwendo. Ni afadhali uchaji pawabenki mchana kutwa, kisha simu ichajiwe jioni kutoka humo.

Jambo la hatari ambalo wauzaji hawalitaji ni kwamba dainamo hii ilifikiriwa kwa mwendo wa mtu anayepiga pedeli. Injini inapoizungusha kwa kilomita 40 kwa saa bila mzigo, kwa mfano globu ikiwa imeungua, volti hupanda mara kadhaa juu ya 6. Weka kapasita ya volti 50, si ya volti 16, na diodi ya zena ya kukata ziada. La sivyo kitakachoungua ni kifaa cha simu, au simu yenyewe.

Nataka wati 20 hadi 30 kwelikweli. Nifunge nini?

Tafuta mota ya umeme ya sumaku za kudumu, zile za skuta za watoto za volti 24 na wati 250. Ukiizungusha kwa nguvu ya nje inageuka jenereta, tena inatoa umeme usiobadilika mwelekeo, bila kuhitaji diodi nne. Pita kwa wauza spea na vyuma chakavu pale Mwanjelwa au SIDO uulize. Kabla hujalipa, izungushe kwa mkono. Kisha gusanisha nyaya zake mbili uizungushe tena. Ikiwa nzima, utaisikia inakaza mkono.

Njia rahisi ya kuizungusha ni rola inayosugua tairi la nyuma. Hapa ndipo penye kazi ya kufikiri.

Mota ya namna hiyo hutoa takribani volti 8 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Usiniamini mimi, pima ya kwako kwa multimita, kile kipimo cha umeme. Ili kuchaji betri ya volti 12 kupitia kishusha volti unahitaji kama volti 16 kutoka kwenye mota, yaani mizunguko 2,000. Rola yenye kipenyo cha sentimita 5 ina mzingo wa sentimita 15.7, kwa hiyo itaanza kuchaji ukifika kilomita 19 kwa saa. Inapendeza.

Sasa teremka nayo Iwambi kuelekea Mbalizi. Ukifika kilomita 50 kwa saa, rola ileile inazunguka mara 5,300 kwa dakika na mota inatoa volti 42. Vishusha volti vinavyopatikana kwa wingi, vyenye chipu ya LM2596, vinavumilia volti 40 za kuingia. Kishusha kinakufa hapo hapo mlimani, wakati unahitaji taa kuliko popote.

Ndiyo maana kwa huku kwetu napendekeza rola ya sentimita 7. Itaanza kuchaji kwenye kilomita 26 kwa saa, na kwenye ule mteremko wa kilomita 50 volti zitakuwa 30 tu. Unapoteza chaji ya mwendo wa polepole, unapata usalama wa mteremko. Anayeishi Chimala au kwingine kwenye tambarare za Usangu anaweza kubaki na sentimita 5, kwa kuwa hana mahali pa kuserereka.

Rola kubwa ina faida nyingine. Unapopanda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini, mwendo unashuka chini ya kiwango cha kuchaji na mota inazunguka bila mzigo wa umeme. Injini inaachiwa ifanye kazi yake moja ya kupanda.

Hiyo mota naiunganisha vipi hadi kwenye betri?

Mpangilio ni huu: mota, diodi, kishusha volti, fyuzi, betri. Usiruke hata kimoja.

Diodi ni ya kuzuia umeme usirudi. Bila hiyo, ukisimamisha baiskeli betri inaweza kuigeuza jenereta yako kuwa mota tena, rola ikajaribu kusukuma tairi na betri ikaisha. Chukua Schottky ya ampea 5 au zaidi.

Kishusha volti nunua chenye skrubu mbili, moja ya volti na nyingine ya ampea. Chenye skrubu moja hakina breki: betri ikiwa tupu inavuta ampea kupita uwezo wake na chipu inachemka. Weka volti 13.8 kwa betri ya asidi iliyofungwa na ampea zisizozidi 1.5. Rekebisha mezani ukiwa na multimita, kabla ya kufunga kwenye baiskeli. Ukishapata, dondoshea skrubu tone la rangi ya kucha, kwa sababu mtikisiko wa injini huzigeuza.

Fyuzi ya ampea 5 ikae karibu kabisa na nguzo chanya ya betri. Fyuzi iliyo mbali inaacha kipande kirefu cha waya bila ulinzi, na kipande hicho ndicho kitakachochubuka kwenye fremu, karibu na tanki la petroli.

Naweza kutumia fremu kama waya wa hasi, kama kwenye gari?

Usifanye hivyo. Fremu ya baiskeli ina rangi, kutu, na beringi za usukani zilizojaa grisi, na umeme wa taa ya mbele ungepita humo. Vuta waya wa hasi kwa kila kifaa. Waya wa milimita 1.5 za mraba unatosha kwa mfumo mzima.

Injini yangu ni ya pikipiki, ina stata na koili ya taa. Nianzie wapi?

Una bahati, kwa sababu umeme tayari upo. Unachohitaji ni rektifaya (ya kuunyoosha umeme) yenye regulata (ya kuzuia volti zisizidi) ndani yake, ile ya nyaya nne ya pikipiki za Kichina za cc 125. Mara nyingi kijani ni bodi, nyekundu inakwenda betri, njano ni ya taa, na mweupe au wa pinki unatoka koili ya chaji. Nasema mara nyingi, kwa sababu watengenezaji hawakukubaliana. Pima kwanza kila waya.

Mwili wa regulata ufungwe kwenye chuma panapopata upepo. Ziada ya umeme inageuzwa joto humo ndani, na ukiificha chini ya kiti pamoja na matambara itakufa mapema.

Usiendeshe injini ya namna hii betri ikiwa imechomolewa. Betri ndiyo inayotuliza volti. Bila hiyo globu na LED zinaungua mfululizo.

Altaneta ya gari je?

Ni nzito, inahitaji umeme wa betri ili ianze kuzalisha, na imetengenezwa kwa injini yenye nguvu mara nyingi kuliko yako. Iache kwenye gari.

Mfumo wa chaji utapunguza nguvu ya kupanda mlima?

Kidogo sana, ukibaki kwenye wati 20. Rola na mota zinapoteza karibu nusu njiani, hivyo injini itatoa kama wati 40. Injini ndogo ya nguvu-farasi 2 ina wati 1,500 ikiwa usawa wa bahari. Mbeya mjini tupo kwenye mita 1,700 hivi, ambako hewa imepungua karibu sehemu moja ya tano, na nguvu ya injini inapungua nayo. Hesabu wati 1,200. Wati 40 kati ya hizo hutazihisi.

Lakini ukitaka kuzalisha wati 100 ili uwashe spika kubwa, unadai karibu wati 200 kutoka kwenye injini ambayo tayari inahema. Huko utashuka usukume.

Shikamoo fundi. Kwa nini nisifunge jenereta ichaji betri, betri izungushe mota ya umeme, nisinunue petroli tena?

Marahaba. Swali hili ni la mtu anayefikiri, na linastahili jibu kamili.

Kila umeme unapopita kwenye kifaa, sehemu yake inageuka joto. Rola inasugua tairi na kulipasha moto, koili za mota zinapata joto, kishusha volti kinapata joto, betri nayo ikichajiwa hairudishi yote iliyopewa. Kwa vifaa vya mtaani, ukitoa wati 100 kwenye tairi na wati 60 zikafika kwenye betri, umefunga vizuri sana. Ukizirudisha kwenye mota ya kusukuma, zinapungua tena. Hakuna namna ya kuunganisha nyaya itakayofanya 60 ziwe 100, hata ukitumia sumaku kali kiasi gani.

Ila kuna mahali pamoja ambapo wazo lako ni sahihi: kwenye mteremko. Unaposhuka, uzito wako na wa baiskeli vinatoa nguvu ambayo vinginevyo ungeiteketeza kwenye breki. Jenereta ikifanya kazi hapo, umeme huo kweli ni wa bure.

Betri ya lithiamu ni bora kuliko ya asidi?

Ni nyepesi, na hiyo ni faida kubwa kwenye baiskeli. Lakini haisamehe. Seli za kompyuta mpakato hazipaswi kupita volti 4.2 kila moja. Tatu zilizofungwa mfululizo ni volti 12.6, kwa hiyo kishusha ulichokiweka 13.8 kwa betri ya asidi kitazijaza kupita kiasi, na seli hizo hushika moto. Lazima ziwe na bodi ya ulinzi, yaani kibao cha umeme kinachokata chaji ikizidi, na kishusha kirekebishwe upya.

Aina ya lithiamu yenye fosfeti ya chuma imetulia zaidi. Seli nne mfululizo hazipaswi kupita volti 14.6, kwa hiyo mfumo wa volti 12 unaifaa bila mabadiliko makubwa.

Kwa wenzangu wa Makete na pembezoni mwa Kitulo, ambako asubuhi za Juni na Julai umande huganda: usichaji lithiamu ikiwa chini ya nyuzi 0. Uharibifu huo hauonekani siku hiyohiyo, lakini seli haiponi. Betri ilale ndani ya nyumba.

Anayeanza, namshauri achukue ya asidi. Zile za ampea-saa 7 ndizo zinazotumika kwenye UPS za ofisi, zile za kushikilia kompyuta umeme ukikatika, na ofisi huzitupa hata zikiwa na uhai. Ukipewa iliyotumika, ichaji, iache usiku kucha bila kitu, kisha pima. Volti 12.6 ni njema. Chini ya 12.2, mrudishie mwenyewe.

Mvua ya Tukuyu haitaua kila kitu?

Itaua ulichofunga vibaya. Wengi hufunga kishusha volti ndani ya kopo na kuziba kila upande, halafu unyevu unaingia na kukosa pa kutokea. Weka boksi la plastiki, nyaya ziingilie chini, na utoboe tundu dogo upande wa chini. Kila waya upinde kwanza chini kabla haujapanda kuingia ndani, ili maji yadondokee kwenye pindo.

Rola huteleza tairi likilowa, kwa hiyo siku za mvua tegemea chaji pungufu. Usikaze springi inayobana rola kwenye tairi hadi tairi lilie; utalimaliza.

Mtikisiko wa injini za viharusi viwili unavunja maungio kuliko hata maji. Waya uliolehemiwa ukaachwa unaning'inia utakatika pale pale lehemu inapoishia. Bana kila waya kwenye fremu karibu na maungio, na uache legezo kidogo.

Polisi watasema nini?

Baiskeli ikishapata injini ni chombo cha moto, na Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inahusika. Usajili wa vyombo vya moto unafanywa na TRA, Mamlaka ya Mapato. Nenda ukaulize huko na kwa askari wa usalama barabarani kabla ya kuingia barabara kuu ya Zambia. Vaa kofia ngumu hata ukiwa unakwenda kujaribu tu.

Nitajuaje kwamba inachaji kweli?

Usitegemee ukali wa taa, macho yanadanganya. Funga kipimo kidogo cha volti kwenye usukani, kinauzwa bei ndogo. Kabla ya kuwasha injini, betri yenye afya isome 12.4 hadi 12.7. Ukiwa kwenye mwendo inapaswa kupanda polepole, kisha isimame kwenye 13.8 uliyoiweka.

Isipopanda kabisa, anza na fyuzi, halafu pima volti za mota peke yake kabla ya diodi. Ikiwa mota inatoa na betri haipati, diodi imefungwa kinyume au kishusha kimekufa. Ikiwa volti ziko sawa mchana na zinashuka chini ya 12 ukiwasha taa, mzigo umezidi uvunaji. Rudi kwenye karatasi ya wati.

Kwa wenye stata ya pikipiki, piga resi ya wastani uangalie. Kati ya 13.5 na 14.5 ni sawa. Ikipita 15, regulata imekufa: zima injini, chomoa waya wa koili ya chaji, na uendeshe kwa betri tu hadi upate nyingine.